Mihogo kwenye Ngazi ya Samaki

Ninyi mnaokaa sasa kwenye kituo cha maji na kuusoma mto kwenye kioo cha kompyuta, mmeniomba niwaandikie ninayoyajua. Nilidhani kurasa mbili zingetosha. Kumbe yako mambo ambayo mtu hayaandiki kwenye rapori za kituo, na hayo ndiyo yaliyonifanya nisifukuzwe kazi, au nikaribie kufukuzwa, ilitegemea siku yenyewe.

Nianze na gurudumu la mlango wa maji, lile tunaloliita volani. Mtu mpya hulikamata kwa mikono miwili na kulizungusha mpaka jasho limtoke, ili shefu, bosi wake, amwone anavyofanya kazi. Acheni hayo. Zungusha robo, ngoja. Weka kiganja kwenye chuma cha mlango. Kikitetemeka kidogo, maji yanapita vizuri. Kikigonga, umekosea, rudisha. Mimi sikungoja, volani ikanirudi na kunipiga mdomoni. Pengo mnalonitania nalo siku za sherehe halikuletwa na uzee, lililetwa na haraka.

Jambo la pili, pimeni kwanza, andikeni baadaye. Mnacheka, lakini kiangazi kimoja mimi nilikuwa naandika kina cha asubuhi tangu jana yake, kwa kuwa kilikuwa hakibadiliki, na nilipenda kunywa chai yangu ikiwa moto. Siku moja shefu wa kituo, mtu wa maneno machache, miwani yake ikining'inia kifuani, akanijia na daftari. Bwawa lilikuwa limeshushwa alfajiri ile ili mafundi wasafishe chujio, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba limejaa.

"Tata Musenge," akaniuliza, "hii mayi uliipima wapi, mu ndoto?"

Tangu hapo nilipima mara mbili, na chai ya baridi nikaizoea.

Hayo ni makosa madogo. Liko moja ambalo nalicheka sasa, lakini lilipotokea halikunichekesha hata kidogo.

Mnaijua ile ngazi ya saruji iliyo upande wa kushoto wa ukuta wa bwawa. Mabeseni kumi na nane, moja juu ya jingine, yanapanda kutoka mtoni mpaka juu ya ukuta, na kila moja lina namba ya rangi nyeupe. Namba hizo mnazitumia kila msimu. Nani aliziandika, na kwa nini, sidhani kama mmewahi kuuliza. Niliziandika mimi, na sababu yangu siyo mnayoidhania.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Kaumba, mtu wa Mutshatsha, aliyelinda milango ya bwawa kabla yetu sote. Hakuamini kipimo chochote isipokuwa mkono wake. Aliutumbukiza majini mpaka kiwiko, akanyamaza, kisha akasema maji yatapanda au hayatapanda, na mara nyingi ilikuwa hivyo. Siku aliyostaafu alinikabidhi kituo kizima kwa mchana mmoja, kwa sababu treni ya kwao ilikuwa imetangazwa, na treni ile ikishatangazwa hujui itatangazwa tena lini. Tulipofika kwenye ngazi, mzigo ulikuwa tayari begani kwake.

"Hii ngazi usiikaushe," alisema. "Ikae na mayi siku yote."

Nikajibu ndiyo, tata. Akaondoka.

Nilibaki nikijiuliza, mabeseni yenye maji yaliyotulia ni ya kazi gani? Jibu nilidhani nimelipata wiki ile ile, nilipowakuta wanawake watatu wa Kapata, mtaa wetu wa wafanyakazi, wakitumbukiza mihogo ndani. Wenyewe mnajua kwamba muhogo mchungu lazima ulale majini siku tatu nne ili ulainike na uchungu utoke. Mtoni unachukuliwa na maji, au unachukuliwa na watu. Hapa palikuwa na beseni la saruji, kina cha magoti, maji hayaendi popote, na uzio wa kampuni umezunguka. Nikajiambia, kweli waliojenga bwawa hili walikuwa watu wenye utu, waliwafikiria hata wake za wafanyakazi. Na ndiyo maana mzee hakutaka ikauke.

Basi mimi ni mtu wa mpango, kama mnavyojua. Wanawake walipoanza kugombania mabeseni, nilileta kopo la rangi nikaandika namba, nikagawa, kila familia na lake. Jirani yangu Mama Astrid, wa mstari wa tatu wa nyumba za Kapata, ambaye sauti yake ilifika sokoni kabla yake, nilimpa la saba. Yeye alitaka la kumi na nane, lililo karibu na njia. Tuligombana siku mbili. Siku ya tatu aligundua kwamba la saba lina kivuli, akalipenda, akawa anaufagia ukingo wake na kumkemea yeyote aliyeweka ndoo pale. Shefu alinisifu kwa kuleta amani. Kwa miaka minne bukari, ugali wa muhogo wa Kapata yote, ilitoka kwenye ngazi yangu, na mimi nikipita pale mikono mgongoni, nikikagua mihogo.

Mwaka wa tano mzee Kaumba alikuja mjini kwa ubatizo wa mjukuu wake. Zilikuwa wiki za mwisho za kiangazi, joto limekaza, kila mtu anatazama mawingu upande wa Dilolo, mvua inakotokea. Akaomba kuliona bwawa. Nilimpeleka kwa fahari nikamwonyesha namba zangu. Alitazama beseni moja baada ya jingine, kutoka chini hadi juu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukuta na kuvua kofia. Na mimi nikacheka ili asicheke peke yake. Kisha yeye akaacha, mimi nikawa bado naendelea.

"Nani aliweka mihogo mu njia ya samaki?" akaniuliza.

Ndipo aliponieleza. Yuko samaki anaitwa mpumbu, mnene, mwenye midomo laini ya kulamba mawe. Mvua ya kwanza ikikaribia, mpumbu huukwea mto kwenda kutaga kwenye majani yanayofunikwa na maji huko juu. Bwawa lilipojengwa, lilimzibia njia, ndipo wakamjengea ngazi. Anaruka beseni moja, anapumzika, anaruka jingine, mpaka anafika juu ya ukuta. Na kule juu kuna mlango mdogo wa chuma unaopitisha maji kwenye ngazi ili samaki aisikie njia. Mlango ule nilikuwa nimeupaka grisi kila mwezi kwa miaka minne bila kuufungua hata mara moja. Nilidhani ni wa akiba.

"Lakini mzee, mbona hukuniambia?"

"Mi nilizani kila mutu anajua," akasema. "Kila mwaka nilikuwa nafungua. Wewe uliona ngazi ndani ya mayi, ukasema ni ya kupandia nani?"

Akaongeza kwamba maji ya muhogo mchungu humlevya samaki, na kwamba hata ningefungua mlango, mpumbu angeyanusa na kurudi nyuma.

Tukashuka chini ya ukuta. Walikuwepo, migongo myeusi, wameelekeza vichwa ukutani, wanangoja. Mzee alisema enzi zake usingeyaona mawe ya pale kwa wingi wao. Sisi tulihesabu, tukarudia kuhesabu, wakawa thelathini na mmoja. Nisiwafiche, niliona aibu na nilitaka kulia. Wavuvi wa juu ya bwawa walikuwa wamehama mmoja mmoja, na mimi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mto umechoka. Kumbe mto haukuwa na kosa, ni mimi niliyewafungia samaki mlango na kuandika namba juu yake.

"Hawa njo babaki," alisema mzee Kaumba, yaani hao ndio waliosalia. "Basipopanda mwaka huu, bitaisha."

Sasa sikilizeni ugumu ulikokuwa. Mnaujua mstari mwekundu ukutani karibu na mdomo wa pampu. Maji yakishuka chini ya mstari ule, pampu zinavuta hewa, na Kapata yote inakauka, pamoja na materinite, mahali wanapojifungua wanawake wetu. Mwisho wa kiangazi maji huwa vidole viwili tu juu ya mstari. Kufungua mlango wa ngazi ni kuvila vidole vile viwili. Na kungoja mvua ijaze bwawa ni kuchelewa, maana mpumbu hapandi mtu anapotaka, anapanda siku zake.

Nilipima, safari hii kwa kweli, nikapiga hesabu nyuma ya daftari. Pampu hunywa sana asubuhi, watu wanapooga na kufua. Nikaona kwamba pampu zikipumzika kuanzia mapambazuko hadi saa sita, maji ambayo zingekunywa yanaweza kushuka kwenye ngazi, na mstari usionekane. Maji ni yale yale, kinachobadilika ni nani anayapata asubuhi. Ila Kapata ingepaswa kujaza kila bidoni, kila dumu na kila chombo siku iliyotangulia.

Shefu alinisikiliza, akaivaa miwani, akaivua.

"Asubuhi tatu," alisema. "Kisha nafunga. Na materinite ikikosa mayi hata saa moja, wewe na Tata Kaumba mutapanda treni moja."

Nyumbani nilikuwa na watoto watano na mke mwenye kazi ya kuwalisha. Nilijua shefu hafanyi mzaha.

Kwa Mama Astrid nilikwenda na kofia mkononi. Nilimkuta anatwanga. Nilimwambia yote, pamoja na ujinga wangu, maana ukitaka kumwomba mtu kitu kigumu usijipambe.

"Juu ya samaki, shiye tusioge?" akauliza bila kuacha mchi.

"Mutaoga, mama. Mujaze bidoni leo, muoge kesho."

"Na mihogo yangu iende wapi? Miaka ine unaniambia namba saba, namba saba. Leo namba saba ni ya samaki."

"Nitakuletea mapipa. Nitayakata mi mwenyewe, niyaweke mu kivuli."

"Utayakata," akasema. "Na mayi yake tutaimwanga wapi, kama inaua samaki?"

Mnaona jinsi alivyokuwa. Ananigombeza, na hapo hapo ananikumbusha jambo nililolisahau. Nikaahidi kuchimba shimo mbali na mto. Mapipa saba niliyakata kwa patasi na nyundo, nikachimba shimo, nikaharibu suruali yangu ya kanisani kwa sababu ile ya kazini ilikuwa imechanika. Wanawake nao wakaingia kwenye ngazi na majivu na brashi ngumu, wakayasugua mabeseni mpaka harufu ya mihogo ikatoka. Mama Astrid alilisugua lake mara mbili, amenuna.

Asubuhi ya kwanza niliufungua mlango mdogo wote, kwa kuwa nilikuwa na deni la miaka minne rohoni. Maji yaliruka kwenye ngazi yakipiga povu. Mpumbu walisogea, wakatupwa nyuma. Mpaka saa sita hakupanda hata mmoja. Asubuhi ya pili mambo yakawa hivyo hivyo, mpaka mzee Kaumba alipofika na fimbo yake na kuutumbukiza mkono kwenye beseni la chini.

"Unafungua kama mutu anafukuza mwizi," akaniambia. "Rudisha. Samaki anatafuta mayi ya kumuita, haiko ya kumupiga."

Nikarudisha robo, nikangoja. Robo nyingine. Povu likaisha, maji yakawa yanateleza kutoka beseni hadi beseni kwa mlio wa chini. Lakini saa sita ilikuwa imefika, ikanibidi kufunga. Ikabaki asubuhi moja.

Asubuhi ya tatu mawingu yalikuwa yameshuka na hewa inanuka udongo. Nilifungua robo mbili tu. Wanawake kadhaa walikuwa wamekuja kutazama, Mama Astrid mbele, mikono kiunoni. Tulingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha mmoja akaruka. Nilimwona kwa macho yangu akitua kwenye beseni la kwanza, akizunguka, akiruka la pili. Akafuata mwingine. Wa kwanza alikuwa kwenye la tatu simu yangu ilipolia.

Alikuwa shefu. Kwenye materinite mtu aliacha bomba la uani wazi tangu jana, tangi lilikuwa karibu kukauka, na mama wawili walikuwa wanajifungua.

"Anzisha pampu sasa hivi," alisema. "Funga ngazi."

"Shefu, unipe saa moja. Banapanda."

"Hapana."

Na alikuwa na haki, vijana wangu. Mimi watoto wangu watano wote walizaliwa kwenye nyumba ile. Nilishika volani. Nilitazama nyuma nimwambie Mama Astrid, sikumwona. Wanawake wote walikuwa wameondoka, nikadhani wamekasirika kwamba wameacha kuoga bure.

Nikaanza kufunga. Lakini nilifunga jinsi nilivyofundishwa. Nilizungusha kidogo, nikangoja, nikaweka kiganja kwenye chuma. Sitasema nilikaidi amri, na sitasema niliharakisha. Wa kwanza aliingia la tano. Nikazungusha tena. Maji kwenye ngazi yalipungua mpaka migongo yao ikaonekana nje. Mzee Kaumba alikuwa ameketi ukutani amefumba macho.

Simu ikalia mara ya pili. Nyuma ya sauti ya shefu nilisikia ndoo zikigongana, na sauti moja inayofika sokoni kabla ya mwenyewe, ikipanga mstari.

"Acha pampu," alisema shefu. "Bamama ba Kapata banakuya na bidoni zabo. Tangi inajaa. Fungua samaki bako."

Walikuwa wameisikia simu yangu, na maji waliyoyaweka kwa ajili ya nyumba zao, ya kupikia na ya kuogesha watoto, waliyabeba kichwani mpaka materinite. Watoto wote wawili walizaliwa salama na wakaogeshwa. Mimi nikarudisha volani, robo, nikangoja, robo. Mpumbu wakaanza kupanda kwa mfuatano, na mzee Kaumba akawa anaita namba alipowaona: mmoja ku ine, babili ku kumi, mmoja anatoka juu. Ndivyo namba zangu za mihogo zilivyopata kazi mliyoirithi ninyi. Saa sita nilipofunga, ishirini na sita walikuwa wamevuka ukuta. Jioni mvua ikanyesha.

Mama Astrid alirudi kabla sijafunga, nguo yake imelowa mabegani. Alikwenda moja kwa moja kwenye la saba. Ndani alikuwa amepumzika jike mmoja mkubwa, tumbo limejaa mayai, anapanua midomo taratibu. Mama akainama ukingoni kumtazama.

"Huyu hata hodi hakupiga," akasema.

Baada ya hapo tulifanya hivyo kila mwaka. Wengi kama wa enzi za mzee sijawahi kuwaona, lakini mawe ya chini ya ukuta siku hizi yanafichika tena mahali mahali, na huko juu wamerudi watu wenye mitumbwi. Kapata hakuna tena anayepita kutangaza. Wingu likikaa upande wa Dilolo, utasikia bidoni zinapangwa uani, na mtoto akiuliza, anaambiwa ni maji ya kumpisha mpumbu.

Ninyi mlango wenu unafunguka kwa kubonyeza. Nimeuona, ni mzuri, mgongo wangu unauonea wivu. Ila mwambieni aliyeutengeneza aufanye ufunguke robo robo. Na msimu ukianza, mmoja wenu ashuke akautumbukize mkono.

Mwaka huu nilikuwa nyumbani mlipopiga simu kuniambia wameanza, na kwamba kuna mmoja mkubwa amelala kwenye la saba hataki kuondoka. Nilikwenda mstari wa tatu kumpa habari Mama Astrid. Magoti yake hayamfikishi tena bwawani. Alikuwa anamenya mihogo mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kumenya.

"Baambie bamuache apumuzike," akasema. "Pale mi nilipasugua mara mbili."